Mabawa ya Zege: Historia ya Kituo cha Petroli cha Fiat Tagliero, Asmara

Katika mji wa Asmara, mji mkuu wa Eritrea, mna kituo cha petroli kilichojengwa mwaka 1938, ambacho umbo lake ni dogo na sifa zake zimeenea mbali. Kipo katika barabara ya Sematat, neno ambalo kwa Kitigrinya maana yake ni mashahidi, yaani watu waliokufa kwa ajili ya nchi. Sehemu yake ya kati ni mnara mfupi wenye madirisha ya kioo, na humo mlipangwa ofisi, meza ya mshika fedha na duka. Kutoka kila upande wa mnara huo limechomoza bawa la zege lenye urefu wa mita 15, wala chini yake hapana nguzo hata moja. Mtu akisimama mbele yake huona ndege iliyo tayari kupaa: mnara ndio kiwiliwili, na mabawa ndiyo mabawa. Jina lake, Fiat Tagliero, limeunganisha jina la kampuni ya motokaa iliyoundwa Turin mwaka 1899 na jina la ukoo la Kiitalia.

Wageni wengi wameandika habari za jengo hili, na karibu kila mmoja husimulia kisa kile kile. Husemwa kwamba wakuu wa mji hawakuamini kuwa mabawa marefu namna ile yangeweza kusimama peke yake, wakaamuru nguzo zitiwe chini yake. Mhandisi aliyelichora, Giuseppe Pettazzi, hakukubali. Jengo lilipokwisha na siku ya kuondoa nguzo ikawadia, mwenye kandarasi aliingiwa na hofu. Hapo Pettazzi akatoa bastola, akamwelekezea, akamwambia achague kuondoa nguzo au kufa. Nguzo zikaondolewa, mabawa yakabaki hewani, na yangali hewani. Wako wasimuliao kwa namna nyingine, kwamba mhandisi alipanda mwenyewe juu ya bawa, akaapa kujiua kama litaanguka. Bastola haikosekani katika masimulizi yote mawili. Kisa hiki ni kitamu, na utamu huo ndio uliokifanya kifunike mambo mengine ambayo historia ya jengo hili ingepaswa kuyasema kwanza.

Yafaa kuanza na jina la mtindo wake. Vitabu vya siku hizi huliweka jengo hili katika mtindo wa Art Deco, na vingine huliweka katika ule wa Futurismo. Mwaka 1938 hapana mtu Asmara aliyelitumia jina la Art Deco. Asili ya jina hilo ni maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo na za viwanda yaliyofanywa Paris mwaka 1925, lakini lilienea katika miaka ya 1960, hasa baada ya Mwingereza Bevis Hillier kulitolea kitabu mwaka 1968. Ni jina lililobuniwa na watu waliotazama nyuma, kama vile yalivyo majina mengi ya vipindi vya fasihi. Futurismo, kinyume cha hayo, ni jina walilojipa wenyewe washairi na wachoraji wa Kiitalia waliomfuata F. T. Marinetti, aliyeyatangaza madai yake katika gazeti la Le Figaro la Paris tarehe 20 Februari 1909. Watu hao waliitukuza mashine, mwendo wa kasi na vita, wakazidharau sanaa za kale. Na mwaka 1929 wakatangaza namna ya uchoraji iliyokusudia kuuonyesha ulimwengu kama aonavyo mtu aliyemo ndani ya ndege. Kampuni ya Fiat ilikuwa karibu na fikira hizo hata kabla ya hapo, maana kiwanda chake cha Lingotto, kilichofunguliwa Turin mwaka 1923, kilijengwa na njia ya kujaribia motokaa juu ya paa lake. Basi kituo cha Asmara kina damu ya pande zote mbili. Kingo zake zilizoviringwa na mistari yake mirefu inayokwenda sambamba na ardhi ni za Art Deco. Lakini fikira ya kukifanya kituo cha petroli kuwa ndege ni ya Futurismo, na fikira hiyo, kama itakavyoonekana, haikuwa mchezo wa watoto.

Waitalia waliingia Asmara mwaka 1889, na tarehe 1 Januari 1890 wakaitangaza Eritrea kuwa koloni lao. Jaribio lao la kuiteka Ethiopia, ambayo wazee wa pwani waliiita Uhabeshi, lilikomeshwa huko Adwa tarehe 1 Machi 1896. Mwaka uliofuata makao ya serikali yalihamishwa kutoka bandari ya Massawa, penye joto kali, yakaletwa Asmara juu ya uwanda wenye kimo cha mita 2,300 na zaidi, na reli ikaufikia mji huo mwaka 1911. Hata hivyo kwa miaka 20 iliyofuata Asmara ilibaki mji mdogo wa maofisa na wafanya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waitalia wa koloni zima walikuwa wamezidi 4,000 kwa kadiri ndogo tu. Kilichoubadili mji ni vita. Serikali ya Ufashisti ya Benito Mussolini ilipoazimia kulipiza kisasi cha Adwa, Eritrea ikafanywa ghala la jeshi na mlango wa kuingilia Ethiopia. Askari, mafundi, madereva na wachuuzi wakamiminika, na kufikia mwaka 1939 wakazi wa Asmara walihesabiwa kuwa kiasi cha 98,000, ambao 53,000 kati yao walikuwa Waitalia.

Ndiyo sababu majengo ya Asmara yafanana umri kama watoto wa hirimu moja. Sinema ya Impero ilijengwa mwaka 1937. Msikiti mkuu wa Al-Khulafa al-Rashidun, uliochorwa na Guido Ferrazza, ulimalizika mwaka 1938, mwaka ule ule wa kituo cha petroli. Wasanifu waliruhusiwa katika koloni kujaribu mambo ambayo Rumi au Milano yangezuiwa na majirani, na kanuni, na heshima ya majengo ya kale. Waandishi wengi wameusifu uhuru huo. Ni kweli kwamba ulikuwako. Lakini ardhi haikuwa tupu, nao waliokuwa wakiishi juu yake hawakuulizwa.

Mji uligawanywa kwa rangi. Mgawanyo huo ulikuwamo tayari katika ramani ya Odoardo Cavagnari ya mwaka 1913, ukakazwa zaidi katika ramani ya Vittorio Cafiero, iliyotengenezwa wakati ule ule kituo cha petroli kilipokuwa kikijengwa. Mitaa ya Wazungu ilikuwa na barabara pana, taa na maji. Wenyeji waliwekwa upande wa kaskazini, katika mitaa kama Aba Shawl, ambako nyumba zilisongamana na huduma zilikuwa haba. Amri ya serikali ya tarehe 19 Aprili 1937 iliweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa Mwitalia atakayeishi na Mwafrika wa makoloni kama mume na mke, jambo ambalo hadi hapo lilikuwa la kawaida na limeacha watoto wengi Asmara. Sheria za mwaka 1938 na 1939 zikaendelea kwa njia hiyo hiyo. Mtu anayeitazama picha nzuri ya kituo cha Fiat Tagliero yafaa akumbuke kwamba kilifunguliwa katika mwaka ambao Mweritrea hakuweza kuketi mahali apendapo katika mji wa baba zake.

Sasa umbo la ndege. Mnamo mwaka 1938 ndege ilikuwa fahari ya Italia. Miaka 5 tu ilikuwa imepita tangu Italo Balbo alipoongoza kundi la ndege za baharini kuvuka Atlantiki hadi Chicago, na dunia nzima ikashangilia. Lakini katika Eritrea na Ethiopia ndege ilikuwa na maana nyingine. Vita vilipoanza tarehe 3 Oktoba 1935, ndege za Kiitalia ziliruka kutoka viwanja vya Eritrea, na tangu Desemba ya mwaka huo zikaangusha na kunyunyiza gesi ya haradali juu ya askari, wanakijiji, mifugo na maji ya kunywa. Mfalme Haile Selassie aliyaeleza hayo kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva tarehe 30 Juni 1936. Serikali ya Italia ilikanusha kwa miaka mingi. Wizara yake ya ulinzi haikukiri rasmi hadi mwaka 1996. Kwa hiyo mhandisi aliyechora ndege ya zege mjini Asmara mwaka 1938 hakuchagua alama isiyo na historia. Kwa Waitalia waliokuja kununua petroli ilikuwa alama ya ushindi na ya siku zijazo. Kwa mkulima wa upande wa pili wa mto Mareb ilikuwa sura ya kitu kilichomnyeshea mvua ya moto.

Na petroli yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo vya biashara mwezi wa Novemba 1935, lakini petroli haikutiwa katika orodha ya bidhaa zilizokatazwa, wala mfereji wa Suez haukufungwa. Laiti mojawapo ya mambo hayo mawili lingefanywa, malori ya jeshi na ndege zingekuwa vyuma vitupu. Vikwazo viliondolewa Julai 1936, baada ya Addis Ababa kuchukuliwa tarehe 5 Mei. Vita hivi vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupiganwa kwa motokaa kwa kiasi kikubwa namna ile. Na vilipokwisha, motokaa zilibaki. Mizigo ilipanda mlima kutoka Massawa kwa reli, kwa malori, na tangu mwaka 1937 hata kwa vikapu vilivyoning'inia kwenye waya mrefu wa kiasi cha kilomita 72, uliokuwa mrefu kuliko wote wa namna yake duniani. Kituo cha petroli chenye duka na vioo kilikuwa hitaji halisi la mji huo, hakikuwa pambo.

Mtaalamu wa lugha atapenda kujua kwamba kipindi hiki kimeacha alama katika Kitigrinya kama kilivyoacha zege katika mji. Motokaa huitwa makina, kutokana na Kiitalia, na tairi huitwa goma, neno ambalo Mswahili akilisikia atadhani ameitwa ngomani. Sisemi lolote jipya, angesema mwalimu wa lugha, kwa maana Kiswahili nacho kilipata motokaa, tairi na petroli kwa Waingereza kwa njia ile ile: kitu kikija na mgeni, huja na jina lake. Lakini lipo neno moja lililokwenda kwa mkondo mwingine. Waitalia waliwaita wanajeshi wao wa Kieritrea ascari, nalo si neno la Kiitalia hata kidogo. Ni lile lile la Kiarabu ambalo Kiswahili kinalo katika askari. Wadachi, Waingereza na Waitalia, wote walipotaka kuwapiganisha Waafrika kwa ajili yao, walitumia neno moja ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelileta.

Turudi kwenye mabawa. Ili kufahamu yaliyofanywa hapa, msomaji wa pwani aanze na boriti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo ikivuka mita 3 hivi haifai tena kubeba dari ya chokaa na mawe. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Boriti hiyo hushikwa na ukuta ncha zote mbili. Bawa la Fiat Tagliero lina urefu wa boriti 5 za namna hiyo zilizopangwa kichwa kwa mguu, nalo limeshikwa ncha moja tu. Ncha ya pili haina kitu chini yake ila hewa.

Zege peke yake hustahimili sana kubanwa lakini haliwezi kuvutwa, likivutwa hupasuka. Chuma huvumilia mvuto. Kwa sababu hiyo nondo hulazwa ndani ya zege mahali pale ambapo mvuto utatokea. Katika boriti iliyoshikwa ncha zote mbili, uzito huipinda katikati ikashuka, na mvuto hutokea upande wa chini. Basi nondo hulazwa chini. Katika bawa lililoshikwa ncha moja mambo hugeuka. Uzito huivuta ncha iliyo huru iende chini, na upande wa juu ndio unaotaka kupasuka, hasa karibu na mnara. Hapo nondo hazina budi kulazwa juu. Tena mabawa mawili ya urefu mmoja, yakitoka pande mbili za mnara mmoja, hulingana kama vitanga vya mizani: bawa la kushoto huzuia lile la kulia lisiuangushe mnara, na la kulia hufanya vivyo hivyo.

Kwa mwanga huo kisa cha bastola hakina budi kuhojiwa. Kama mabawa yangekuwa yamehesabiwa ili yabebwe na nguzo za chini, nondo zake zingepangwa kwa ajili ya nguzo hizo, na siku ya kuziondoa yangepasuka karibu na mnara na kuanguka, bastola iwepo isiwepo. Hayakuanguka. Basi ni lazima nondo za kutosha zililazwa upande wa juu tangu mwanzo, kabla ya zege kumiminwa, na mtu aliyezihesabu alijua kwamba nguzo zitaondoka. Neno lilikwisha kuamuliwa katika kalibu za mbao, wala halikuamuliwa mbele ya mtutu. Kila jengo la zege, hata dari ya nyumba ya kawaida, huegemezwa kwa miti mpaka zege likomae, na mafundi huhesabu siku 28 kabla ya kuliamini kabisa. Kuondoa miti hiyo ni kazi ya kila siku, ingawa kila fundi mwenye akili huifanya kwa tahadhari. Huenda kisa kizima kilizaliwa katika dakika hizo, ambazo kwa mabawa ya mita 15 hazikuweza kuwa dakika za kimya.

Haya hayapunguzi sifa za Pettazzi. Kinyume chake, yamfanya mhandisi bora kuliko yule wa kisa, maana mhandisi wa kisa hana hoja ila bastola, na yule wa kweli alikuwa na hesabu. Kuna jambo jingine zito zaidi. Kisa kina watu wawili tu, mhandisi na mwenye kandarasi, na mmoja ndiye aliyehatarishwa. Lakini nguzo haziondolewi na mwenye kandarasi. Huondolewa na vibarua wanaosimama chini ya zege wakiwa na nyundo, na kama bawa lingeanguka lingewaangukia wao. Hao hawamo katika kisa kabisa. Hawakuelekezewa bastola, kwa sababu katika Asmara ya mwaka 1938 hapakuwa na haja ya bastola kumtuma kibarua asimame mahali pa hatari.

Si haki kusema kwamba Waeritrea peke yao ndio waliojenga mji huo. Vita vilileta maelfu ya mafundi na vibarua wa Kiitalia, watu maskini wa vijijini waliohaidiwa mshahara, nao walichimba barabara na kupandisha kuta. Lakini ujira ulikwenda kwa rangi, na kazi nzito ya kuponda kokoto, kubeba mchanga na kupandisha zege ilikuwa ya wenyeji, wanaume na wanawake. Wengi wao walijifunza uashi, useremala, umakanika na kupaka rangi katika kazi hizo. Elimu ya shule waliyoruhusiwa na serikali ile ilikuwa ya miaka michache ya mwanzo tu, basi jengo likawa shule yao. Mji huo umedumu vizuri namna ile kwa sababu, baada ya Waitalia wengi kuondoka, walibaki watu waliojua jinsi ulivyojengwa.

Utawala wa Italia katika Asmara ulikwisha tarehe 1 Aprili 1941, majeshi ya Uingereza yalipoingia mjini baada ya vita vikali vya Keren. Kituo cha Fiat Tagliero kilikuwa hakijatimiza hata miaka mitatu tangu mwaka wake wa kujengwa uishe. Himaya ambayo mabawa yake yaliishangilia ilidumu miaka 5 tu. Waingereza waliitawala Eritrea hadi mwaka 1952, na katika miaka hiyo mitambo mingi ya koloni iling'olewa ikauzwa au ikapelekwa penginepo. Ule waya mrefu wa Massawa nao ulifunguliwa. Sylvia Pankhurst, mwanamke wa Kiingereza aliyeipenda Ethiopia, aliwalaumu watu wa serikali yake kwa jambo hilo. Kituo cha petroli hakikuwa na kitu cha kung'olewa chenye thamani ya kuihangaisha serikali. Zege halina soko.

Tarehe 15 Septemba 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho lililoamuliwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1962 shirikisho hilo lilivunjwa, Eritrea ikafanywa jimbo. Vita vya kudai uhuru vilikuwa vimekwisha kuanza Septemba 1961, navyo vilichukua miaka 30. Katika miaka hiyo ndege zilirudi tena katika habari za nchi. Baada ya wapiganaji kuuteka mji wa Massawa mwezi wa Februari 1990, ndege za serikali ya Mengistu Haile Mariam ziliupiga kwa mabomu hata majumba yake ya matumbawe, ambayo mtu wa pwani ya Kiswahili angeyatambua kama ndugu wa majumba ya kwao, yakabomoka kwa wingi. Asmara ilizingirwa lakini haikupiganiwa barabara kwa barabara. Jeshi la Ethiopia lilivunjika nje ya mji, na wapiganaji wakaingia tarehe 24 Mei 1991. Miaka miwili baadaye, siku hiyo hiyo ya mwaka, uhuru ukatangazwa. Katika vita vilivyofuata kati ya nchi hizo mbili, Juni 1998, ndege za Ethiopia zilishambulia uwanja wa ndege wa Asmara. Ndege ya zege ilipitishwa salama katika hayo yote.

Wokovu huo haukutokana na mapenzi ya watawala. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilitaifisha ardhi ya miji na nyumba za kupangisha, na tangu hapo hapakuwa na mtu mwenye faida ya kubomoa jengo dogo ili apandishe kubwa. Miji mingine ya Afrika ilipokuwa ikibomoa majengo ya miaka ya 1930 kwa ajili ya benki na hoteli, Asmara ilikuwa na vita, njaa na amri ya kutotoka nje usiku. Umaskini uliihifadhi kama chumvi ihifadhivyo samaki. Hatari ilikuja na amani, wakati fedha na wajenzi zilipoanza kuingia katika miaka ya 1990. Na hapo ndipo Waeritrea wenyewe, wakiongozwa na watu kama msanifu Naigzy Gebremedhin, walipoanza kuorodhesha majengo na kudai yalindwe. Mwaka 2001 eneo la kati la mji liliwekewa mpaka wa ulinzi. Kituo cha Fiat Tagliero kilitengenezwa upya mwaka 2003. Julai 2017, katika mkutano wake wa Kraków, kamati ya UNESCO iliuingiza mji wa Asmara katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wako waliouliza, ndani na nje ya Eritrea, kwa nini taifa lililoteswa na Ufashisti lijivunie majengo ya Mafashisti. Swali ni la haki, ila limesahau mikono ya vibarua. Zege ambalo Mweritrea alilibeba karai kwa karai, akaishi chini ya kivuli chake bila kuruhusiwa kukipumzikia, kisha akalipigania na kulirithi, si mali ya Mwitalia tena kuliko lilivyo mali yake. Waombaji wa mwaka 2017 hawakuuita mji wao mji wa Kiitalia. Waliuita mji wa Kiafrika wa mtindo wa kisasa.

Katika orodha ya majengo ya Asmara, kituo hiki kimetiwa katika daraja la kwanza, ambalo halimruhusu mtu kubadili sehemu yake yoyote. Sharti hilo lalinda mnara, vioo na mabawa. Lalinda hata jina la Fiat Tagliero, tangazo la biashara la mwaka 1938, ambalo sasa limo chini ya ulinzi wa dola iliyozaliwa na vita vya miaka 30, katika barabara iitwayo ya mashahidi. Na kwa sharti hilo hilo, nguzo ambazo wakuu wa mji walizitaka haziwezi kutiwa tena.